Bi Mjumbe na Boti ya Ng'ambo

Kwa miaka kadhaa niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za kidato cha nne cha masomo ya jioni, kwamba diwani wetu alikuwa anageuzwa kiboko. Sisemi kwa mafumbo. Kiboko hasa, wa mtoni, mwenye meno na vile vimasikio vyake vidogo. Ilisemekana kwamba Bi Mjumbe alikuwa akimgeuza kila akilala, akimtia majini na kumwogelesha mto mzima, na alfajiri diwani huamka kitandani pake miguu ina tope na mdomoni ana majani ya mpunga. Alivumilia, akachoka, akatoa pesa mfukoni mwake akanunua boti ya mashine ya kubebea wagonjwa wa Ng'ambo. Boti ilipofika, ukiboko ukakoma.

Na sikuishia kuamini. Nilialikwa harusi Ngorongo, nikaihadithia habari hiyo mbele ya sinia za pilau, na huko kiboko wangu alikuwa amevaa miwani ya diwani. Watu waliacha kula. Mzee mmoja akaniuliza, "Na kofia je?" Nikamjibu kwamba kofia aliiacha ukingoni, maana diwani ni mtu nadhifu.

Bi Mjumbe mwenyewe hakupata kulizungumzia jambo hilo, na sisi hatukupata kumuuliza. Nani amuulize mtu mwenye uwezo wa kumgeuza diwani kiboko? Mimi fundi pikipiki angenigeuza nini? Kambale, tena mdogo.

Sasa kaburi lake liko Ng'ambo, na watu wa mbali wananiuliza alikuwa mtu gani. Basi nieleze.

Kijiji chetu kina mapande mawili. Barabarani ndiko kwenye maduka, shule, ghala la korosho na banda langu la pikipiki. Ng'ambo ni kule ndani, ukishavuka mkono wa mto na mikoko yake, kwa watu wa mpunga na kaa. Maji yakijaa unavuka kwa mtumbwi huku unapiga soga. Yakitoka, pale palipokuwa na mto panabaki tope tupu, na mtumbwi ukikukuta katikati unakaa nao hapo hapo mpaka maji yapende kurudi. Bi Mjumbe alikuwa wa Ng'ambo. Alikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji tangu mimi sijaota ndevu, na cheo kilimganda hata jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Wajukuu zake walimwita Bibi Mjumbe. Imamu alimwita Bi Mjumbe. Mtendaji wa kijiji, kijana wa bara aliyeletwa kwetu na kazi, alimwita Mama Mjumbe, na akimwona anakuja alikuwa anafunga kifungo cha shati.

Alikuwa mfupi. Akisimama na akikaa ilikuwa karibu sawa, ila sauti yake ilikuwa ya mtu mrefu. Kila mkutano mkuu wa kijiji alikuja na kiti chake, na kiti chenyewe kilikuwa mbuzi, ile ya kukunia nazi. Aliikunjua mbele kabisa, chini ya meza ya wakubwa, akaikalia, meno ya chuma yameelekea kwao. Siku moja mwenyekiti alimwambia, "Bi Mjumbe, hebu geuza hiyo mbuzi, inatutazama vibaya."

"Haijamla mtu," akasema. "Nyinyi semeni yenu, nayo itasikiliza."

Watu walidhani anaipenda sana siasa. Haikuwa hivyo. "Siasa siipendi, mwanangu," aliniambia zaidi ya mara elfu, na hizo elfu nimezipunguza. "Makelele matupu. Mtu mzima anarukaruka jukwaani kama kapandwa na shetani." Wakati wa kampeni alipokea fulana za kila chama, kofia za kila rangi, akashukuru kila mtu kwa adabu, akavuka nazo Ng'ambo. Huko alizivalisha sanamu za kuwingia ndege shambani kwake. Ukipita msimu wa mpunga kuiva ungeona wagombea wote wamesimama pamoja katika jaruba moja, mikono wameinyoosha, hawagombani. Yeye yuko juu kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, anavuta kamba, wagombea wanatikisika, ndege wanaruka. "Angalau hapa wanafanya kazi," alisema.

Lakini mtu huyo huyo wa kuwacheka wagombea, siku ya kupiga kura alikuwa wa kwanza kituoni, amevaa ile baibui yake ya Idi. Hakumwambia mtu alimpigia nani. Nadhani hata malaika wake wa bega la kulia alimwambia aangalie pembeni.

Alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mbishi hata pale palipokuwa hapana ubishi. Alinunua kaa kwa vijana kwa maneno mengi kuliko pesa. Na alikuwa na uongo mmoja aliokuwa akiurudia hadharani kila mkutano: mtendaji akianza kuuruka muhtasari wa mkutano uliopita, "ndugu wananchi, tuuchukulie kama umesomwa", Bi Mjumbe alinyoosha mkono. "Nisomee, baba. Mie macho sina." Miwani inaning'inia kifuani. Alisoma mpaka darasa la saba, alisoma msahafu, alisoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Mtendaji akasoma, neno kwa neno, kijiji kizima kikasikia. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajifanya haoni.

"Nikisoma peke yangu, nitajua peke yangu," akasema. "Halafu niende nikakae nacho wapi?"

Mimi aliniita Msomi wa Taa, kwa sababu nilisoma jioni, katika darasa la shule ya msingi, kwa taa ya sola iliyokuwa inazimika kila tukifika kwenye hesabu. Nilipofaulu, nadhani nilitangaza mpaka Utete wakasikia bila simu. Bi Mjumbe alinipongeza, akanibusu kiganja, kisha akasema, "Haya, Msomi. Sasa huna kisingizio cha kutokuja mkutanoni."

Nilikuwa nacho. Fundi ana visingizio vingi kuliko spana. Siku moja alipita bandani kwangu akitangaza mkutano, nikamwambia ukweli wangu wa siku zote: "Bi Mjumbe, mie mmoja nitaongeza nini pale? Tazama, pikipiki ya mtu hii, na mwenyewe anataka kwenda Kibiti jioni."

Akaitazama pikipiki. Akainama kwenye sahani yangu ya vyuma, akaokota nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"We Bi Mjumbe! Hiyo nati!"

"Ni moja tu. Itapunguza nini?"

"Gurudumu litachomoka!"

"Basi ifuate. Iko mkutanoni."

Mwenye pikipiki na mimi tulikwenda mkutanoni wote wawili, yeye kwa hasira, mimi kwa nati. Tulikaa. Ilikuwa habari ya nguruwe pori na ulinzi wa mashamba. Mwisho wake yule mwenye pikipiki alisimama akatoa hoja ya maana kuliko zote, kwa sababu kumbe shamba lake lilishaliwa. Safari ya Kibiti aliisahau.

Kuna habari sasa ambayo sitaiongezea chumvi. Hapa naweka kijiko chini. Kuna miaka ambayo huku kwetu cheo kilikuwa hatari. Waliokuwepo wanaijua miaka hiyo, na wasiokuwepo waliisikia redioni. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa, watu wa kawaida, wenye mihuri na majembe kama sisi. Mwenyekiti wa kitongoji chetu alishusha bendera nyumbani kwake, akaondoka kwenda kukaa kwa dada yake, na hakuna aliyemlaumu. Watu waliacha kuitana kwa vyeo. Neno "mwenyekiti" lilisemwa kwa kunong'ona, kama jina la ugonjwa.

Asubuhi moja Bi Mjumbe aliingia dukani kununua chumvi nami nilikuwepo. Mwenye duka akamwambia polepole, "Karibu, mama."

Alisimama tu.

"Karibu, mama," mwenye duka akarudia.

"Unasema na nani?"

"Nasema na weye, mama yangu. Tafadhali."

"Mie Mjumbe. Watu walinyoosha mikono wakaniweka. Hawajanishusha."

Yule bwana alitazama mlangoni, akatazama barabarani. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Karibu, Bi Mjumbe." Bi Mjumbe akapimiwa chumvi yake akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika kiberiti nisijue nilikuja kununua nini.

Msije mkadhani hakuogopa. Aliogopa sana. Mwanawe mkubwa alikuja kutoka Dar kumchukua, akakataa kuondoka, lakini hakulala tena nyumbani kwake. Leo kwa jirani, kesho kwa wifi yake, keshokutwa kule kwenye dungu. Aliniambia mwenyewe baadaye: "Kila jua likichwa niliwaza pa kulala, Msomi. Ila nilisema, nikiondoka na mie, hapa patakuwa hapana mtu wa kuitwa."

Miaka hiyo ilipita. Hofu ikaondoka taratibu, lakini mazoea ya kutokwenda mkutanoni yakabaki. Mtendaji alipita na kipaza sauti, tukamsikia, tukaendelea na yetu. Mkutano ukakosa akidi, ukaahirishwa. Ukaitishwa tena, ukaahirishwa tena. Na jambo lililokuwa linasubiri mkutano huo lilikuwa zahanati. Wilayani walikuwa tayari kutusaidia kujenga, sharti wananchi wenyewe wakubaliane pa kuijenga. Bila mkutano mkuu kutimia, hakuna zahanati, na mgonjwa wetu aendelee kupelekwa hospitali ya Mchukwi akiomba Mungu njiani.

Kwa Bi Mjumbe hilo halikuwa jambo la ajenda. Binti yake, yule wa mwisho, alifia mtumbwini. Uchungu ulimshika wakati maji yanatoka, wakamwahisha, wakasukuma mtumbwi kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka mikono ikachubuka, mtumbwi ukakwama topeni katikati ya mikoko. Barabarani ilikuwa inaonekana. Walikaa pale, wakaita, watu wa huku wakajaribu kuwafuata wakazama tope mpaka mapajani. Maji yaliporudi yalimkuta amekwisha kufa, na mtoto wake tumboni. Mama yake ndiye aliyekuwa amempakata. Nimemsikia akiitaja siku hiyo mara moja tu, na hakulia. Alisema, "Tope lile nalijua mpaka harufu." Alichotaka baada ya hapo, na alikitaka wazi, kila mtu akijua, ni kwamba mwanamke mwingine wa Ng'ambo asikwame pale.

Kwa hiyo alitaka zahanati ijengwe Ng'ambo. Sisi wa Barabarani, ambao ni wengi zaidi, tuliitaka huku. Akapita nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, kuwaita watu mkutanoni. Shemeji yake, mvuvi, mtu mwenye akili ya hesabu, alimfuata akamwambia mbele yangu, pale bandani, alipokuja kuniita: "Shemeji, unatafuta nini? Tukienda, akidi inatimia, wanatushinda kwa wingi. Tukikaa kwetu, mkutano hautimii. Hawajengi. Waache wakose kama tunavyokosa."

Mimi nilidhani ni akili kubwa sana. Nikangoja jibu.

"Na mwanamke wa huku Barabarani anayejifungua mwezi ujao," Bi Mjumbe akasema, "yeye kanikosea nini?"

"Shemeji, hiyo siyo siasa."

"Basi weye nifundishe ni nini."

Siku ya mkutano watu wa Ng'ambo walivuka wote, wazee kwa vijana, wanawake na vichanga mgongoni; mitumbwi ilijaa gatini hadi ungeweza kutembea juu yake bila kukanyaga maji. Ghala la korosho lilifurika. Mtendaji alipotangaza kwamba akidi imetimia, alirudia mara mbili, maana ilikuwa siku nyingi hajapata kuyasema maneno hayo.

Bi Mjumbe alikunjua mbuzi yake, akasema hoja yake. Hakumtaja binti yake. Alisema habari za maji kujaa na kutoka, basi. Wa Barabarani wakasema zao: umeme, barabara, gari la dawa litafikaje kule. Kisha wakaomba mikono. Ya Ng'ambo ikanyooshwa, ikahesabiwa. Ikanyooshwa yetu, na haikuhitaji hata kuhesabiwa. Zahanati Barabarani. Vigelegele vikapigwa, ghala likatikisika, korosho za msimu uliopita zikadondoka kwenye mianya ya mbao. Tukatoka tukicheza; kuna mtu alishachinja mbuzi wa miguu minne, na harufu ilikuwa inatuita. Mimi nadhani nilikuwa wa tatu mlangoni. Nilipogeuka nilimwona bado amekaa pale mbele, mgongo umenyooka, na watu wake wa Ng'ambo wamekaa nyuma yake, maana maji yalikuwa yametoka na hawakuwa na pa kwenda. Nikaona huruma. Nikasema moyoni, kashindwa kizee wa watu, na ni yeye aliyetimiza akidi ya kumshinda.

Ujenzi ulipoanza, nani alikuwa wa kwanza kubeba mchanga? Ndoo kichwani, kutoka mtoni mpaka kiwanjani. Mama mmoja wa huku akamtania, "Bi Mjumbe, si ulikataa isijengwe hapa?"

"Nilikataa siku ya kukataa," akasema. "Leo siku ya mchanga. Pisha."

Baadaye, katika msimu wa kaa, boti ya mashine ikaletwa. Nyeupe, ina turubai na godoro, ina nahodha wa zamu, na kina chake ni kifupi, inaweza kupita kwenye maji ya magotini. Wagonjwa wa Ng'ambo wakaanza kuletwa hata maji yakiwa machache. Sisi tukaulizana, imetoka wapi? Wilayani hawakuileta. Mfadhili hakuonekana, wala hotuba ya kukabidhi haikuwepo, na kwetu hata ndoo ya kisima hukabidhiwa kwa hotuba. Diwani alipoulizwa alitabasamu tu, na diwani akitabasamu tu ujue kuna jambo. Hapo ndipo kiboko alipozaliwa, na mimi nikawa mmoja wa walezi wake.

Nilimwona Bi Mjumbe kwa mara ya mwisho pale pale zahanati. Alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza, miguu imevimba, ana dawa zake kwenye mfuko wa plastiki, anasubiri boti imrudishe. Alikuwa amepungua sana. Mbuzi hakuwa nayo; alisema amempa mjukuu wake wa kike, ambaye siku hizi ndiye anayekaa mbele.

"Shikamoo, Bi Mjumbe."

"Marahaba, Msomi. Watu wa Ngorongo wanasemaje?"

Nikajua yameshamfikia. Nilijaribu kucheka, akanitazama bila kucheka, lakini bila kukasirika pia. Nikaona uzee umempa upole, na kwamba hata nikigeuzwa kambale, zahanati iko karibu.

"Bi Mjumbe, mie nina jambo la siku nyingi. Ile boti. Diwani... ulimfanyaje?"

"Diwani nimfanye nini mie?"

"Si alinunua kwa pesa yake?"

"Alikwambia?"

"Hakusema. Alitabasamu."

"Alitabasamu kwa kuwa mlikuwa mnampa sifa ya bure. Nani anakataa?" Akahamisha mguu wake kwa mikono miwili, taratibu. "Ile siku ya zahanati, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Nilinyoosha na mkono."

"Mkaondoka mkicheza."

"Tuliondoka. Mkutano si ulikwisha?"

"Ajenda ya mwisho ilikuwa haijafika. Ile ya mengineyo. Sie tulibaki, maji yalikuwa yametoka, tungekwenda wapi? Na wa huku wachache walibaki, wazee na kina mama, na mtendaji akasema aliyebaki ndiye mkutano. Nikasimama. Nikasema, zahanati mmeiweka huku, sawa, basi ushuru wa kaa na wa miti ununue boti ya kutuleta. Wakanyoosha mikono. Wa huku pia walinyoosha, wote."

Nikakaa benchini kando yake.

"Lakini mbona hatukusikia?"

"Ilisomwa mkutano uliofuata. Nilimwambia mtendaji aisome polepole."

"Huo nilichelewa," nikasema.

"Najua."

Upande wa mtoni mashine ya boti ikaanza kusikika. Nikasimama, nikampa mkono, nikamshika kwapani ashuke baraza, ngazi kwa ngazi. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo alituacha tukisimulia uchawi. Akasema waliobaki siku ile walijua, na waliokuwa hawajui hawakuuliza. Tulipofika chini akasimama kupumua, akanishika mkono wangu wenye grisi.

"Hapana kiboko, mwanangu," akasema. "Tulipiga kura. Nyinyi mlikuwa mmeshaondoka."